Umbo na Maana Yake: Vyanzo vya Mandhari ya Jukwaa la Fantasia Nchini Burundi

Mandhari ya jukwaa la fantasia hujengwa kwa maumbo yaliyokwisha kuonekana, yakakuzwa au kugeuzwa. Kwa mbunifu aliye Gasenyi, kaskazini mwa Bujumbura, uwanda wa Rusizi na milima iliyo mashariki humpa mistari na vivuli. Gishora, karibu na Gitega, humpa nyumba ya kifalme ya nyasi yenye umbo la kuba, pamoja na ngoma za umuvugangoma, yaani mti unaozifanya ngoma ziseme.

Maumbo hayo hayalingani kwa uzito. Mlima waweza kuchorwa ncha chini bila kumuudhi mtu. Ngoma sivyo: katika Kirundi, *ingoma* ni ngoma na pia ufalme, hivyo ngoma iliyokuzwa jukwaani hutangaza nani anatawala. UNESCO iliorodhesha uchezaji wa kimila wa ngoma ya kifalme mwaka 2014. Amri ya rais ya mwaka 2017 ikadai kibali kwa maonyesho yake na kuwazuia wanawake kuipiga.

Kwa hiyo, daftari la mbunifu liwe na safu nne: mchoro, jina kwa Kirundi na Kiswahili, matumizi, na mipaka. Tunapendekeza wizara za utamaduni zifadhili sajili ya namna hiyo, na vyuo vya sanaa viitunze, ili mbunifu ajue mapema ni umbo lipi linahitaji ruhusa na lipi halihitaji.