Njia za Mmenyuko kati ya Atomi za Gesi na Chembe Zilizonata juu ya Uso wa Metali

Mmenyuko kati ya gesi na chembe zilizonata juu ya uso wa metali hufafanuliwa kwa njia kuu mbili. Katika njia ya Langmuir na Hinshelwood, vitendanishi vyote viwili hunata kwanza, hupata halijoto ya uso, kisha hutambaa hadi vikutane. Katika njia ya Eley na Rideal, kitendanishi kimoja tu ndicho kilichonata. Kingine hutoka moja kwa moja katika gesi, hukigonga, na zao huondoka papo hapo. Tofauti hii ni ya msingi, kwani ndiyo inayoamua iwapo nishati ya mmenyuko itaishia katika metali au katika zao.

Kanuni ya kasi ya mmenyuko pekee haitoshi kuzitofautisha njia hizo. Kaboni monoksidi inapooksidishwa juu ya paladi katika halijoto ya juu, kasi hulingana na shinikizo la gesi hiyo, kama njia ya Eley na Rideal inavyotabiri. Hata hivyo, katika miaka ya 1970, Engel na Ertl walielekeza miale ya molekuli kwa vipindi vya kukatizwa, wakabaini kwamba kaboni dioksidi hutoka kwa kuchelewa. Ucheleweshaji huo ni mrefu mno kuliko muda wa mgongano mmoja. Kwa hiyo kaboni monoksidi ilinata kwanza. Kwa kuwa hukaa juu ya uso kwa muda mfupi tu, idadi ya molekuli zilizonata nayo hulingana na shinikizo. Kanuni moja ya kasi, basi, huafikiana na njia mbili.

Hali ni tofauti kwa atomi huru. Kifungo cha molekuli ya hidrojeni kina nishati ya elektrovolti 4.5 hivi, ilhali kifungo cha atomi yake na shaba ni takribani 2.4. Atomi ya gesi inapoing'oa ile iliyonata, elektrovolti zipatazo 2 hubaki kwa matumizi ya zao, ambalo huondoka likiwa na mwendo na mtetemo mkubwa.

Mwaka 1994, Rettner na Auerbach walionesha njia zote mbili katika mfumo mmoja: atomi za hidrojeni zikigonga klorini iliyonata juu ya dhahabu. Baadhi ya molekuli za kloridi ya hidrojeni zilitoka kwa kasi, zikihifadhi athari ya uelekeo wa atomi iliyoingia. Nyingine zilichelewa, zikiwa na nishati inayolingana na halijoto ya uso.

Kati ya njia hizo ipo ya tatu, iliyopendekezwa na Harris na Kasemo mwaka 1981: atomi hunaswa na uso, lakini humenyuka kabla haijapoteza nishati yake yote. Hivyo, uamuzi kuhusu njia ya mmenyuko hauna budi kuegemea vipimo vya muda, uelekeo na nishati ya zao, wala si kasi peke yake.