Kadi ya Picha Isiyomwangusha Mlinzi

Askari hachagui bunduki kwa mng'aro wa kitako. Na kadi ya picha ya kompyuta ichaguliwe vivyo hivyo. Hapa Rusizi, tunapopakana na Bukavu, mlinzi akihitaji skrini nne kwenye kompyuta ya Linux, kwanza tuulize kadi yaendesha skrini ngapi kwa pamoja, kwani matundu yaweza kuzidi uwezo. Pili, tutazame programu endeshi. Amdgpu, ya kadi za AMD, imo ndani ya kiini cha Linux tangu 2015. Ile ya NVIDIA yenyewe huwekwa kando, na kiini kikibadilishwa yaweza kugoma, skrini zikazimika. Ndugu askari, mabadiliko yajaribiwe nje ya zamu: giza la dakika chache lamtosha mfanya magendo.