Kununua Baiskeli Mtandaoni: Namna ya Kumtambua Muuzaji wa Kweli Kabla ya Kulipa

Na Mwandishi Wetu

Mkulima wa Bariadi mkoani Simiyu halazimiki tena kusafiri hadi Mwanza au Dar es Salaam ili kununua baiskeli. Anafungua simu, anaona picha, anauliza bei, analipa, kisha mzigo unapakiwa kwenye basi na kumfikia stendi ya mjini kwake. Biashara ya namna hiyo imekuwa ya kawaida na wauzaji wengi wanaoifanya ni waaminifu. Hata hivyo, njia hiyo hiyo inatumiwa na matapeli wanaofungua maduka hewa, yaani kurasa za mitandao ya kijamii au tovuti zilizojaa picha za baiskeli ambazo hawana na hawana nia ya kuzitafuta.

Kwa familia nyingi baiskeli si chombo cha starehe. Ni usafiri wa mwanafunzi anayetembea kilomita kadhaa kwenda sekondari ya kata, ni chombo cha kubebea maji, mkaa na mazao, na kwa baadhi ya vijana ni ajira. Fedha ya kuinunua mara nyingi hutokana na mauzo ya msimu mmoja wa pamba au mpunga. Ikishatumwa kwa tapeli, hakuna nyingine ya kuziba pengo hilo hadi msimu ujao.

Kosa linalowapata wanunuzi wengi ni kulipima duka kwa mwonekano wake. Mwonekano ndicho kitu rahisi kuliko vyote kuigiza. Picha hunakiliwa kutoka duka jingine kwa dakika moja, wafuasi wa ukurasa hununuliwa, na shuhuda za wateja waliofurahia huandikwa na tapeli mwenyewe. Hata herufi za https na alama ya kufuli zinazoonekana kwenye anwani ya tovuti hazithibitishi uaminifu wa muuzaji. Maana yake ni kwamba mawasiliano kati ya simu ya mnunuzi na tovuti hiyo yamefichwa ili wengine wasiyasome, na tapeli naye anaweza kuwa na kufuli lake. Vivyo hivyo anwani inayoishia na .co.tz inaonyesha tu kwamba mtu amesajili jina hilo.

Swali la msingi ni jingine: je, muuzaji huyu anaweza kupatikana iwapo jambo litaharibika? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza bidhaa kwa njia ya kielektroniki kumpa mteja jina lake kamili, anwani ya mahali alipo na mawasiliano yake, pamoja na maelezo ya kutosha kuhusu bidhaa. Kwa hiyo mteja anayeuliza, "Duka lenu liko mtaa gani, na limesajiliwa kwa jina gani?" hafanyi ukorofi. Anadai haki yake. Muuzaji wa kweli hujibu kwa sentensi moja. Tapeli hujibu kwa hasira, au hueleza kwamba duka ni la mtandaoni tu na mteja asiyeamini aache.

Jina likishapatikana, lilinganishwe katika sehemu tatu. Ya kwanza ni kumbukumbu za usajili. Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) una mfumo wa mtandaoni unaomwezesha mwananchi kutafuta kampuni au jina la biashara lililosajiliwa Tanzania Bara, na kwa upande wa Zanzibar kazi hiyo hufanywa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali (BPRA). Ya pili ni jina linalotokea kwenye simu wakati wa kulipa. Ya tatu ni jina lililo kwenye risiti. Majina hayo matatu yakikubaliana, mnunuzi anamfahamu mtu anayefanya naye biashara. Yakipishana, zinahitajika sababu zinazoeleweka kabla ya shilingi yoyote kutoka.

Sehemu ya pili ndiyo yenye uzito mkubwa, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Mtu anapolipa kwa simu, jina la mpokeaji huonekana kabla ya kuingiza namba ya siri. Sekunde hizo chache zina thamani kuliko picha zote za ukurasani. Ukurasa unaojiita duka la baiskeli la Kariakoo ukitoa namba ya mtu binafsi ambaye jina lake halijawahi kutajwa, huo ni wakati wa kusitisha malipo. Maelezo ya kawaida ya tapeli ni kwamba namba ya duka "imejaa", au kwamba namba hiyo ni ya mhasibu, au ya shemeji aliyeko stoo. Laini za simu nchini husajiliwa kwa alama za vidole, lakini matapeli hutumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine, wakiwemo wasiojua lolote. Ndiyo maana jina linaloonekana huenda likawa la mtu halisi na bado lisiwe la muuzaji. (Kwa sababu hiyo hiyo ni vyema kila mwananchi apige *106# mara kwa mara ili kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, asije akageuzwa shemeji wa stoo bila kujua.)

Lipa Namba iliyo katika jina la biashara ni salama kuliko kutuma kwa namba ya mtu, ingawa nayo haitoshi peke yake. Kuhusu risiti, risiti ya mashine ya kielektroniki ya kodi ina namba ya uhakiki, na mteja anaweza kuihakiki kupitia tovuti ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) na kuona jina la mfanyabiashara aliyeitoa. Picha ya risiti iliyotumwa kwa WhatsApp bila kuhakikiwa ni picha tu.

Ni haki kueleza kwamba wapo wauzaji wadogo waaminifu, hasa wa baiskeli za mitumba kutoka Japani, ambao hawapo katika kumbukumbu za BRELA. Kukosekana kwao huko si ushahidi wa wizi. Kwa wauzaji wa aina hiyo, kinga ya mnunuzi ni kulipa baada ya kuiona baiskeli, au kumtuma ndugu aliye katika mji husika aende dukani kuikagua na kulipa papo hapo. Karibu kila familia ina mtu Dar es Salaam, na nauli yake ya daladala ni bima ya bei nafuu.

Umri wa ukurasa nao husema mengi. Maduka hewa huishi muda mfupi, kwa kuwa yakishalalamikiwa hufungwa na kufunguliwa kwa jina jingine. Kwenye Facebook kuna sehemu ya uwazi wa ukurasa inayoonyesha tarehe ulipoanzishwa na majina uliyowahi kutumia. Ukurasa wa baiskeli ambao miezi mitatu iliyopita ulikuwa wa mashabiki wa soka au wa tiba za asili haustahili kuaminiwa. Kwa tovuti, tarehe ya kusajiliwa kwa anwani inaweza kutafutwa katika kumbukumbu za wazi za majina ya tovuti, yakiwemo yanayoishia na .tz. Duka linalojinadi kuwa linahudumia wateja "tangu 2009" wakati anwani yake ilisajiliwa mwezi uliopita limejieleza lenyewe. Ukurasa uliofunga sehemu ya maoni nao utiliwe shaka.

Picha zinaweza kupimwa kwa njia mbili. Kwanza, huduma ya kutafuta kwa kutumia picha iliyo kwenye simu nyingi itaonyesha iwapo picha hiyo hiyo ipo kwenye maduka ya Ulaya au China. Pili, na hii ni njia bora, muuzaji aombwe kupiga simu ya video akiwa amesimama karibu na baiskeli yenyewe, kisha aonyeshe namba iliyogongwa kwenye fremu. Kwa baiskeli nyingi namba hiyo iko chini, mahali mikono ya pedeli inapoungana na fremu. Mwenye baiskeli ataigeuza na kuionyesha. Asiye nayo atasema mtandao ni mbovu.

Maswali ya kiufundi pia huwatenganisha. Muuzaji anayeijua kazi yake humuuliza mteja urefu wake, kwa sababu fremu hutofautiana ukubwa na baiskeli isiyolingana na mwili humchosha mwendeshaji. Huuliza itatumika kwenye lami au njia za vumbi, itabeba mzigo au la, na hueleza kama tairi ni za inchi 26 au 29, breki ni za diski au za kubana rimu, na kama itasafirishwa ikiwa imefungwa tayari au ndani ya boksi. Tapeli hana habari na hayo. Swali lake ni moja: malipo yatafanyika saa ngapi?

Bei ya chini mno ni chambo cha zamani. Wahenga walisema rahisi ghali, lakini kwa maduka hewa hata hiyo rahisi haifiki. Mnunuzi aulize bei ya baiskeli ya aina hiyo kwa wauzaji watatu wanaofahamika. Moja ikiwa nusu ya nyingine zote, iulizwe sababu. Katika orodha ya sababu za uongo, inayotumika sana ni mnada: kwamba baiskeli zimekwama bandarini na zinauzwa kwa siri na "mtu wa ndani". Minada ya bidhaa zilizo chini ya forodha hutangazwa hadharani na taasisi husika kupitia njia zake rasmi, na malipo yoyote ya Serikali, ikiwemo kodi na ushuru, hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wa Serikali wa kielektroniki wa malipo (GePG). Hakuna ushuru unaolipwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi, hata kama aliyeitoa amevaa sare kwenye picha yake.

Ishara nyingine imeongezwa na Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za mwaka 2025, zilizoanza kutumika Machi 28, 2025, ambazo zinakataza kutangaza bei za bidhaa na huduma ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Duka linalodai kuwa Tanzania huku likitaja bei kwa dola ama linavunja kanuni, ama haliko Tanzania.

Wanaoagiza baiskeli kutoka nje ya nchi wanakabiliwa na mtego wa tovuti zinazoiga zile za watengenezaji maarufu, zikiwa na nembo na rangi zilezile, ila anwani imeongezwa neno kama "outlet" au "sale". Anwani ya kweli ichukuliwe kwa mtengenezaji mwenyewe, isifuatwe kupitia tangazo lililojitokeza kwenye simu. Malipo kwa kadi ya benki ni afadhali kuliko kutuma fedha moja kwa moja, kwa kuwa mwenye kadi anaweza kuwasilisha pingamizi la muamala katika benki yake.

Kwa wanaosubiri mzigo mikoani, utapeli mara nyingi haukomi kwenye malipo ya kwanza. Baada ya kupokea fedha, tapeli hutuma picha ya risiti ya basi, kisha hurudi akidai gharama ya kufungasha, halafu bima, halafu faini ya mizani. Kila kiasi ni kidogo kuliko kilichotangulia kulipwa, na mnunuzi huendelea kutuma kwa hofu ya kupoteza alichokwisha kutoa. Mara dai la pili linapotokea, aache kulipa na awasiliane na ofisi ya kampuni ya basi kwa namba aliyoipata stendi, si ile iliyoandikwa kwenye picha.

Anayegundua kwamba ameibiwa anapaswa kuchukua hatua ndani ya dakika, si siku. Apige simu mara moja kituo cha huduma kwa wateja cha mtandao wake kupitia namba 100, au benki yake, na kuomba muamala uzuiwe, kwa kuwa fedha ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuirejesha. Ujumbe wa kitapeli na namba iliyoutuma viwasilishwe kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwa ajili hiyo. Kisha afike kituo cha polisi kilicho karibu, atoe taarifa na kupewa namba ya RB. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu udanganyifu wa aina hii pamoja na kujifanya mtu mwingine, hivyo lalamiko hilo si la kufukuzwa kaunta kwa maelezo kwamba ni ugomvi wa biashara.

Iwapo baiskeli imefika lakini si ile iliyotangazwa, au imebandikwa nembo bandia, suala hilo lipelekwe kwa muuzaji kwa maandishi na, asiporidhia, kwa Tume ya Ushindani (FCC), inayosimamia ulinzi wa mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Katika hali zote mbili, mazungumzo yote, picha za tangazo, anwani ya ukurasa na ujumbe wa muamala vihifadhiwe kabla ya kumtolea muuzaji lugha kali, kwa sababu hatua ya kwanza ya tapeli aliyegunduliwa ni kufuta ukurasa na kumzuia mteja asiuone tena.