Blenda imeshindwa, miguu imeweza: sayansi ya rubisi kutoka Karagwe hadi Kyerwa

Hadithi hii inaanzia jikoni kwetu, na inaanza kwa aibu. Siku moja nilinunua ndizi zilizoiva vizuri, nikazimenya, nikazitia kwenye blenda nikitaka juisi. Nikapata uji. Nikachuja kwa chujio, nikapata uji kidogo. Nikachuja kwa kitambaa, hakikushuka kitu, kitambaa kikaziba. Mume wangu, ambaye kwao ni Kyerwa, alikuwa amekaa pembeni anatazama tu. Mwisho akasema: "Sisi kwetu tunakamua ndizi kwa miguu na majani, juisi inatoka kama maji."

Nilimwambia haiwezekani. Mashine inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika ishindwe, halafu miguu iweze? Basi tukawekeana ahadi: likizo ijayo hatuendi pwani, tunaenda kwao. Tutatembea, tutakula, tutaonja, na mimi nitaangalia hiyo juisi kwa macho yangu.

Tukashuka Bukoba, tukapita Kyaka na daraja la mto Kagera, tukapanda hadi Kayanga, kisha Nkwenda, na mwisho Murongo mpakani. Watu wengine wakisema wanakwenda "kuonja mvinyo" wanafikiria mashamba ya zabibu ya Ufaransa, au ya Dodoma kwetu hapa. Lakini ukanda huu una mvinyo wake wa siku nyingi. Speke na Grant walipofika kwa mfalme Rumanyika wa Karagwe mwishoni mwa 1861, kinywaji cha ndizi kilikuwa tayari ni jambo la kila siku. Wenyeji wanakiita rubisi. Vuka mto uingie Uganda utasikia tonto, na Rwanda ni urwagwa. Majina ni tofauti, lakini akili ni ileile.

Na hiyo akili, ukiichunguza, ni kemia tupu.

Kwanza: moshi unaivisha

Baba mdogo wa mume wangu alitupokea na mikungu ikiwa tayari shimoni. Shimo limetandikwa majani ya migomba, ndizi mbichi zimepangwa, zimefunikwa majani na udongo, na pembeni kuna tundu la kupitishia moto na moshi. Baada ya siku chache zote zinaiva kwa pamoja. Nyumba nyingine hupanga ndizi juu ya dari la jiko, moshi ukipita chini yake.

Kwa nini moshi? Ndizi mbichi imejaa wanga. Hamira haiwezi kula wanga, inakula sukari. Kwa hiyo lazima wanga ugeuzwe sukari kwanza. Kazi hiyo inafanywa na vimeng'enya vya ndizi yenyewe, na amri ya kuanza inatolewa na gesi iitwayo ethilini. Ndizi ikianza kuiva inatoa ethilini, ethilini inaiambia ndizi ya jirani nayo iive, na jirani naye anatoa ya kwake. Ndiyo maana ndizi moja iliyoiva ndani ya mfuko inaharakisha zote.

Moshi wa kuni zisizoungua vizuri nao una ethilini ndani yake. Mwaka 1901 Mrusi aitwaye Neljubow aligundua kwamba gesi ya taa ilikuwa inapotosha ukuaji wa njegere maabarani kwake, na kitu kilichohusika kilikuwa ethilini. Mwaka 1934 Mwingereza Gane akathibitisha kwamba matunda yenyewe huitengeneza. Wazee wa Karagwe hawakuwa na jina la gesi hiyo, lakini shimo lao linafanya kila kinachotakiwa: linaleta ethilini ya moshi, linazuia ile ya ndizi isitoroke, na linatunza joto. Maghala ya kisasa ya kuivishia ndizi yanafanya hivyohivyo, ila yana milango ya chuma na bili ya umeme.

Pili: kwa nini blenda ilishindwa

Hapa ndipo nilipokuja. Ndizi zilimenywa, zikamwagwa kwenye mtumbwi wa gogo lililochongwa, yakawekwa majani makavu, vijana wawili wakaosha miguu na kuanza kukanyaga. Dakika za kwanza niliona ule uji wangu wa jikoni. Nikamtazama mume wangu kwa jicho la "si nilikwambia?" Baada ya muda uji ukaanza kukatika. Ukawa mabonge, na katikati ya mabonge ikaanza kutoka juisi, nyepesi, inang'aa, tamu mno. Mume wangu hakusema kitu. Alinipa tu kikombe.

Maelezo ni haya. Kuta za chembe za ndizi zina pektini, kitu kilekile kinachofanya jemu igande. Blenda inavunjavunja kila chembe na kutawanya pektini yote ndani ya maji. Pektini inashika maji kama sponji, na juisi yako imefungwa humo. Kadiri unavyosaga ndivyo unavyozidi kuifunga.

Kukanyaga kunafanya kazi kwa upole zaidi, na kuna mhusika wa pili: tanini. Hizi ndizo zinazofanya chai kavu ikakamae mdomoni, na ndizo zinazoacha doa la kahawia lisilotoka utomvu wa mgomba ukidondokea shati. Tanini zinapenda kushikana na protini. Ndizi ikipondwa taratibu, tanini zinakutana na protini na vitu vingine vizito vya rojo, vinashikamana kuwa mabonge, na juisi inabaki huru. Majani nayo yanafanya kazi: yanaongeza msuguano, yanashikilia makapi, na yanaacha njia ya juisi kupita, yaani ni chujio ndani ya kinu.

Ndiyo maana si kila ndizi inafaa. Ndizi za kupika, zile za matoke laini, zina tanini kidogo. Ndizi za pombe zina tanini nyingi. Ukizipika zina ukakasi, hazilishiki kwa raha. Nilimuuliza baba mdogo anazitofautishaje, akacheka: "Mkwe, onja. Inayokataa mdomo ndiyo inayokubali mtumbwi."

Sina sentensi ya maabara inayosema hivyo vizuri zaidi.

Tatu: mtama, hamira na hesabu kidogo

Juisi ile ikachujwa, ikaongezwa maji, ikatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, ikafunikwa majani ya migomba na kuachwa usiku kucha. Asubuhi ilikuwa inatoa povu na sauti ya kunong'ona.

Hamira za mwituni zipo kwenye maganda ya ndizi, kwenye mtama, na hasa kwenye mtumbwi wenyewe, ambao umetumika miaka na miaka. Zinachukua sukari na kutoa vitu viwili: kilevi na gesi ya kaboni dayoksaidi. Ule mnong'ono ni gesi. Mtama unaleta rangi, harufu ya kukaangwa, na virutubisho vya hamira.

Je, rubisi ina ukali gani? Watengeneza mvinyo wana kanuni ya haraka: gramu 17 hivi za sukari katika lita moja zinatoa asilimia 1 ya kilevi. Tuseme juisi ya ndizi ina gramu 200 kwa lita. Gawanya kwa 17, unapata karibu asilimia 12, sawa na mvinyo wa zabibu. Lakini wameongeza maji. Kama maji ni sawa na juisi, kipimo kinashuka hadi 6 hivi. Na kwa kuwa inanywewa kesho yake kabla hamira hazijamaliza sukari, kinashuka tena. Ndiyo maana rubisi changa ni tamu na inakaribia bia kwa ukali. Usiidharau lakini. Utamu unaficha kilevi, na wengi wamegundua hilo wakati wa kusimama.

Nne: namna ya kuonja mkiwa wawili

Mume wangu hanywi pombe. Wengi wanadhani hapo safari ya kuonja imeharibika. Kumbe imenoga, maana yeye alikuwa anaonja juisi na mimi rubisi, yaani kitu kilekile kabla na baada ya hamira. Tulifanya majaribio matatu, na wewe unaweza kuyafanya popote.

La kwanza, ziba pua kisha onja. Utasikia utamu na uchachu tu. Achia pua: ndizi inarudi ghafla. Sehemu kubwa ya tunachoita ladha ni harufu inayopanda puani kutokea nyuma ya koo. Harufu kuu ya ndizi inatokana na kemikali iitwayo isoamili asetati, na hamira nazo huitengeneza zenyewe. Kwa hiyo harufu nyingine ya ndizi kwenye rubisi haikutoka kwenye ndizi kabisa.

La pili, linganisha umri. Nkwenda, mama mmoja muuzaji alikuwa na rubisi ya jana na ya siku nne. Ya jana tamu, ina gesi. Ya siku nne kavu na chachu. Sukari imeliwa, bakteria wa asidi ya laktiki wameingia (hao hao wa maziwa mgando), na wale wa siki wanabisha hodi, maana wao wakipata hewa wanageuza kilevi kuwa siki. Hakuna aliyeiua hamira kwa kuchemsha wala kuifungia chupani, ndiyo maana rubisi haisafiri mbali. Arusha wapo wanaotengeneza mvinyo wa ndizi wa chupa, lakini huo umechujwa na kutulizwa. Rubisi yenyewe lazima uifuate ilipo.

La tatu, onja na chakula. Murongo tulikaa tukitazama mto Kagera na Uganda ng'ambo, mezani kukiwa na nyama choma na ndizi. Tanini zile zile zilizoshika protini mtumbwini zinashika protini za mate yako, ndiyo maana mdomo unakauka, kama ukila bibo la korosho. Ukitafuna nyama, tanini zinapata protini na mafuta mengine ya kushughulika nayo, na ukakasi unapungua. Wafaransa wanaandika vitabu kuhusu mvinyo mwekundu na nyama. Kemia yenyewe ni hii hii.

Rubisi siyo gongo

Hili lazima lisemwe wazi. Rubisi ikichemshwa na mvuke wake kukusanywa, inakuwa pombe kali, ambayo kuitengeneza kienyeji ni kosa kisheria. Pektini inapovunjika hutoa methanoli kidogo. Kwenye rubisi kiasi chake ni kidogo. Methanoli inachemka kwenye nyuzi 65 hivi na ethanoli kwenye 78, na pipa la kienyeji halina kipimo cha kuzitenganisha. Hatari kubwa zaidi ni mtu kuongeza spiriti ya viwandani. Mwilini methanoli inageuka asidi ya fomiki, ambayo inashambulia mshipa wa macho. Mtu akinywa pombe kali kisha akaanza kuona ukungu, msimlaze apumzike. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.

Kilichotuuma

Nilimuuliza baba mdogo kwa nini upande mmoja wa shamba ni mtupu. Akasema ndipo zilipokuwa ndizi zake za pombe.

Ni mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria aina ya Xanthomonas. Ulithibitishwa Uganda 2001 na ukaonekana Kagera miaka michache baadaye. Majani yanakuwa ya njano na kunyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukizikata ndani ni kahawia, na shina lililokatwa linatoa ute wa njano. Wadudu wanaubeba wakitembelea ua dume, lile la zambarau linaloning'inia mwisho wa mkungu, na baadhi ya ndizi za pombe zinaambukizwa kwa njia hii kirahisi zaidi. Panga la mkulima linaubeba pia, shina hadi shina.

Dawa ya kupulizia hakuna, lakini kinga ipo na ni rahisi: vunja ua dume mapema kwa kijiti chenye panda, siyo kwa panga; choma panga kwenye moto au lioshe kwa jiki kabla ya kuhamia mgomba mwingine; ng'oa shina linalougua; usichukue miche usikokujua. Ugumu wake ni kwamba lazima jirani naye afanye. Mdudu hajui mpaka wa shamba.

Mwaka huo baba mdogo alikuwa anaoza binti, na kwa mara ya kwanza alinunua ndizi za mtumbwi kwa watu. Kwao posa na harusi bila rubisi hazijakamilika. Alisema hilo bila kulalamika, akiangalia pembeni. Mume wangu ndiye aliyeinuka, akakata kijiti chenye panda, akaanza kupita mgomba mmoja mmoja uliobaki.

Mimi nilimfuata na ndoo ya kukusanyia maua. Tulimaliza jua likizama. Blenda yetu bado ipo nyumbani, tunasagia pilipili.