Bushi Ijipakayo Mafuta

Katika kazi ya kusubu metali, matundu ndani ya kipuri huhesabiwa kuwa kasoro, kwani hupunguza nguvu yake. Hata hivyo, ndani ya mota nyingi ndogo, kama zile za feni, kimo kipuri ambacho matundu ndiyo uhai wake. Nacho ni bushi ya bronzi iliyotengenezwa kwa unga wa metali.

Jinsi Inavyotengenezwa

Unga wa shaba nyekundu, asilimia 90, huchanganywa na unga wa bati, asilimia 10. Mchanganyiko hutiwa katika kalibu ya chuma kigumu na kugandamizwa kwa nguvu kutoka juu na chini. Unga hushikamana na kupata umbo, lakini kipande hicho kingali dhaifu.

Ndipo huchomwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 800 hivi za Sentigredi, ndani ya gesi isiyo na oksijeni ili metali isishikwe na kutu. Bati huyeyuka mapema, kwenye nyuzi 232, na kuingia katika shaba. Shaba yenyewe haiyeyuki, kwa kuwa yahitaji nyuzi 1,085. Bali atomi zake husogea, na chembe huungana pale zinapogusana. Baina ya chembe hubaki vinyweleo vilivyounganika, mfano wa vile vya mtungi wa udongo ambavyo maji hupenya hadi nje.

Mwanafunzi aweza kukadiria nafasi hiyo. Densiti ya bronzi isiyo na tundu ni gramu 8.8 hivi kwa sentimita moja ya ujazo. Ikiwa densiti ya bushi kavu ni gramu 6.6, basi robo tatu tu ya ujazo wake ni metali; robo moja ni nafasi tupu.

Kazi ya Vinyweleo

Hewa iliyomo vinyweleoni hunyonywa kwa pampu, na mafuta huingizwa mahali pake. Mhimili unapozunguka, bushi hupata joto. Mafuta hutanuka kuliko metali, hivyo hujitokeza na kulainisha mahali pa msuguano. Mashine ikisimama, bushi hupoa, na vinyweleo huyafyonza tena mafuta kama utambi wa taa.

Mipaka ya Msanifu

Unga hautiririki kama maji, bali husuguana na kuta za kalibu. Kwa hiyo bushi ndefu yenye kuta nyembamba huwa imara kwenye ncha na dhaifu katikati. Tena, kipuri hutolewa kalibuni kwa kusukumwa wima. Hivyo hesi au tundu la ubavuni hukatwa baadaye. Kalibu nayo ni ya gharama kubwa, na gharama hiyo hurudi tu vipuri vinavyofanana vikitengenezwa kwa maelfu.

Tahadhari kwa Fundi

Fundi asiyejua asili ya bushi hii aweza kuiharibu akidhani anaitunza. Akiiosha kwa petroli, huyatoa mafuta yaliyohifadhiwa ndani. Akiikereza kwa kisu butu, metali ya juu hulala na kuziba vinyweleo. Kwa macho bushi huonekana safi na laini kuliko awali, lakini mhimili utazunguka pakavu, nayo italika upesi.