Barafu Kwanza, Maduka Baadaye

Anayetaka kutembea siku nzima mjini Kisumu na jioni apike samaki nyumbani Nyamasaria hupewa ushauri uleule: zunguka madukani kwanza, samaki mnunue mwisho, ndipo afike jikoni akiwa mbichi. Ushauri huo unahesabu saa tangu mnunuzi alipotoa pesa. Samaki huhesabiwa tangu alipokufa.

Nyavu za mbuta, yaani sangara, na za ngege, yaani tilapia, kwa kawaida hutegwa jioni na kuteguliwa alfajiri. Samaki aliyenaswa usiku anaweza kuwa amekufa saa nyingi kabla mtumbwi haujagusa ufuo wa Dunga. Akilala mezani bila barafu hadi alasiri, katika joto la Kisumu linalokaribia nyuzi 30, atakayemnunua saa kumi atabeba mzigo uliokwisha kuchoka, hata kama amefika nao nyumbani mbio kwa bodaboda.

Samaki akifa, misuli hukakamaa kwa muda, kisha hulegea. Vimeng'enya vyake mwenyewe huanza kuilainisha nyama, na bakteria waliokuwa kwenye ngozi, matamvua na utumbo hupata njia ya kuingia ndani. Kazi zote mbili huchochewa na joto. Kwa samaki wa ziwa letu baridi hufaa kuliko kawaida: bakteria wengi wa maji ya joto hawaiwezi, kwa hiyo sangara au ngege aliyezikwa vizuri katika barafu huweza kukaa wiki mbili na zaidi akiwa bado analika. Asiye na barafu huenda asimalize siku.

Basi ratiba igeuzwe. Toka asubuhi na kasha la baridi lenye barafu, uanzie Dunga. Tafuta samaki mwenye macho yaliyotuna na kung'aa, matamvua mekundu, na nyama inayorudi ukiibonyeza kwa kidole. Aliyekakamaa kama ubao usimkatae, kwani hiyo ni dalili kwamba hajakaa muda mrefu tangu afe. Mwambie muuzaji amtoe matumbo na matamvua, kisha amsuuze kwa maji safi ya kunywa, si ya ufukweni.

Kilo moja ya samaki ipewe kilo moja ya barafu iliyopondwa. Panga tabaka kwa tabaka, barafu ikianza chini na kumalizia juu, na tumbo la samaki lijazwe pia. Vipande vidogo hugusa ngozi pande zote, na barafu inapoyeyuka hunyonya joto jingi huku ikishikilia nyuzi sifuri. Maji machafu yaachiwe njia ya kutoka, maana samaki akilowa humo bakteria hupata makao.

Ukishafanya hivyo, muda ni wako. Ikiwa ni Jumapili, pitia soko la Kibuye, ambako mitumba, fanicha na vyakula humwagika hadi nje. Kisha shika barabara ya Nairobi hadi Nyamasaria, ukague vibanda bila haraka: nyanya, vitunguu, dhania, limau, labda na mchele wa Ahero kwa wasiotaka ugali. Omena (dagaa) wakavu nao hawana papara, ila kumbuka kwamba uvuvi wao hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai, na bei hufuata.

Jikoni, tatizo la kwanza ni harufu ya tope. Chanzo chake kikuu ni jiosmini, kemikali inayotengenezwa na viumbe wadogo wa majini, wakiwemo wale wanaoipaka Ghuba ya Winam rangi ya kijani. Samaki huinyonya kupitia matamvua na kuihifadhi kwenye mafuta na ngozi. Tindikali huivunja, na ndiyo sababu ya kumpaka limau na chumvi kwa nusu saa kabla ya kupika.

Mchanje mbavuni ili joto lifike kwenye mfupa, mfute akauke kabisa, ndipo umtie katika mafuta yaliyopata moto. Maji yaliyobaki kwenye ngozi hupoza mafuta, naye samaki hunata kwenye karai na kumeguka. Mchuzi wa nyanya na vitunguu uive peke yake kwanza. Samaki aingie mwishoni, kwa dakika chache tu, kwa sababu tishu zinazoshikilia nyama yake ni chache na hulainika upesi. Akichemka sana hukauka au kusambaratika.

Anayenunua mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kutolewa, apike siku hiyohiyo, kwa kuwa nyama iliyo wazi huharibika upesi.

Na kama huna kasha na ni lazima ununue jioni, muulize muuzaji swali moja kabla ya kuuliza bei: huyu aliingia kwenye barafu saa ngapi? Akisita, omena wako pale.