Kabla ya kununua unga wa grafini, uliza una tabaka ngapi

Mwezi uliopita kikundi kimoja cha vijana wanaochakata plastiki huku Pwani kiliniita nikawatazamie bidhaa. Ndani ya kopo mlikuwa na unga mweusi, laini kama masizi. Muuzaji alikuwa amewaambia kwamba ni grafini, na kuwa wakiuchanganya na plastiki yao, nguzo zao zingeshinda chuma. Bei aliyotaja ingekula nusu ya akiba ya kikundi. "Mwalimu, tununue ama tusinunue?" wakaniuliza.

Shida yao naielewa. Plastiki wanayookota ufuoni huyeyushwa ikawa nguzo za ua na mbao za viti. Haiozi wala hailiwi na mchwa, lakini hulegea. Benchi lao la kwanza lilibonyea katikati baada ya kiangazi kimoja. Kwamba plastiki kuukuu inaweza kufanya kazi kubwa hakuna ubishi: jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa taka za plastiki, lilisafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Swali ni jinsi ya kuipa plastiki hiyo ukakamavu.

Dawa ya kitu kinacholegea tunaijua. Fundi hutia nondo ndani ya zege. Mashua za faiba tunazoziona kila siku ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na gundi ngumu. Grafini inataka kufanya kazi hiyo hiyo, ila kwa vipande vidogo visivyoonekana kwa macho.

Ukitaka kuielewa, shika penseli. Ile sehemu nyeusi ni grafaiti iliyochanganywa na udongo. Grafaiti ni kaboni iliyopangwa kama chapati nzuri, tabaka juu ya tabaka, na tabaka hizo hazishikani sana. Ndiyo maana penseli huacha alama kwenye karatasi. Tabaka moja peke yake, lenye unene wa atomu moja, ndilo grafini. Milimita moja ya grafaiti ina tabaka kama milioni 3.

Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walifaulu kulitenga tabaka hilo kwa kubandua grafaiti kwa utepe wa gundi. Mwaka 2010 walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Ukakamavu wa tabaka hilo ni karibu mara 5 ya ule wa chuma, na gramu kama 6 tu za grafini iliyobanduliwa kikamilifu zingetosha kufunika uwanja wa kandanda. Ndiyo maana kiasi kidogo huweza kuleta tofauti. Kampuni ya magari ya Ford ilipoanza kuitumia mwaka 2018 katika sponji za sehemu za injini, ilitia chini ya nusu asilimia.

Lakini utepe wa gundi hauwezi kukupa kilo nzima. Viwanda vina njia nyingine. Moja ni kuloweka grafaiti katika asidi kali, kisha kuipasha moto ghafla. Gesi hufumuka katikati ya tabaka, na grafaiti hujaa kama andazi kwenye mafuta kabla ya kupasuliwa vigamba. Hiyo si kazi ya kujaribu uani kwako. Njia ya pili ni kuisugua ndani ya maji. Mwaka 2014 watafiti wa Trinity College Dublin, wakiongozwa na Jonathan Coleman, walionyesha kwamba hata blenda ya jikoni na sabuni ya kuoshea vyombo zinaweza kuifanya. Mzunguko huyatelezesha matabaka kama mtu anayetandaza karata. Ila grafaiti nyingi hubaki bila kubanduka, na lazima itenganishwe.

Hapo ndipo pesa za watu hupotea. Grafaiti yenyewe si adimu kwa majirani zetu. Balama huko Msumbiji inachimbwa, na Mahenge, Tanzania, kuna akiba kubwa. Kilicho ghali ni kuibandua. Muuzaji asiyeibandua vizuri bado ana unga mweusi, na kwa macho huwezi kuutofautisha na grafini. Mwaka 2018 watafiti, Novoselov akiwa mmoja wao, walichapisha matokeo ya kupima bidhaa za kampuni 60 kutoka nchi mbalimbali. Nyingi zilikuwa na grafini chini ya asilimia 10. Kilichobaki zaidi kilikuwa grafaiti iliyosagwa.

Hesabu ya tabaka si ushabiki wa wasomi. Kwa kawaida kigamba huitwa grafini kikiwa na tabaka zisizozidi 10. Kikiwa kinene, tabaka zake za ndani huteleza zenyewe kwa zenyewe badala ya kubeba mzigo. Kikiwa kifupi mno, plastiki haipati mahali pa kukishika.

Hata grafini halisi inaweza kukuangusha usipoichanganya vizuri. Vigamba hupenda kurudi kushikana, na donge moja ndani ya nguzo ni mahali pa nguzo kuvunjikia. Kumwaga unga kwenye pipa la plastiki iliyoyeyuka na kukoroga kwa mti hakutoshi. Afadhali kununua punje za plastiki zilizokwisha kolezwa grafini kiwandani, kisha uzichanganye na zako kwenye mashine. Unga mkavu nao usiuvute puani, vaa barakoa.

Kwa hivyo niliwashauri mambo mawili. Kwanza, waombe karatasi ya maabara inayoonyesha idadi ya tabaka, upana wa vigamba na asilimia ya grafini. Pili, waombe sampuli ndogo, watengeneze fito tatu za ukubwa mmoja: ya plastiki tupu, yenye unga wa muuzaji, na yenye grafaiti ya kawaida. Waning'inize uzito uleule katikati ya kila ufito, wapime inavyopinda, kisha waongeze hadi ivunjike.

Walifanya hivyo. Ufito wa muuzaji ulipinda kidogo kuliko ule mtupu, lakini ulivunjika mapema, sawasawa na ule wa grafaiti ya kawaida. Karatasi ya maabara haikupatikana. Mmoja wao alimpigia muuzaji simu kumuuliza unga wake una tabaka ngapi.

"Nyingi sana," akajibu kwa fahari.

Akiba ya kikundi ingali benki. Kwa sasa benchi zao wanaziongeza mguu wa katikati.